Sitakupigia Tena Asubuhi

3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo. Uhamisho nimeuzoea, na idara ya dobi ya hospitali hii ni kubwa kuliko ile niliyokuwa nikiisimamia huko. Mashine zinanguruma kutwa nzima, wasichana wangu wa zamu wanaongea kwa mikono utadhani mabubu.

Bila shaka umeona kwamba wiki hii sijakupigia. Simu yangu ni nzima. Nimeamua tu. Tangu mama afariki nimekuwa nikikupigia kila alfajiri: amka, vaa, meza dawa, ufunguo uko wapi, leo kazi ya nani inachukuliwa. Sasa una miaka arobaini na ushee na ndevu zako zina mvi. Mwaka jana daktari alipokupima akasema una ADHD, ile hali ya akili kutotulia kwenye jambo moja, kwamba si uvivu wala dharau bali ubongo wako ndivyo ulivyo tangu utotoni, nililia pale pale ofisini kwake, maana tumekusema bure miaka yote hiyo. Lakini daktari yule yule alisema jambo la pili, ambalo wewe ulilisahau kabla hatujafika mlangoni. Alisema dawa itakusaidia kutulia, ila kupanga siku ni ufundi wa kujifunza, na wapo watu ambao kazi yao ni kusaidia watu wazima kama wewe kujifunza ufundi huo. Aliwaita makocha.

Basi tafuta kocha. Daktari wa meno anayekuletea kazi alikwambia nikiwa nimesimama hapo karakanani kwako. Ulipompelekea meno bandia ya juu ya mzee mmoja na ya chini ya mzee mwingine ndani ya boksi moja, na mzee wa watu akaenda nayo nyumbani akajaribu kula nayo, alikwambia anakupa mpaka mwisho wa Aprili. Usipobadilika, kazi zake anampa fundi mwingine. Na bila yeye karakana hiyo haimalizi mwezi. Safari hii sitakuwepo kukuinua. Ukiamka umeamka, ukilala umelala.

Utauliza kwa nini barua. Ujumbe wa simu unaufungua, kisha unapotelea kwenye mengine. Tena najijua, mkono unaniwasha kukukumbusha. Barua haimwamshi mtu. Ikikufikia, jambo lenyewe limeshapita.

Nimefanya hivi kwa faida yako tu. Usiwaze mengine.

Dada yako


15 Februari

Bi Mkubwa wa mashuka,

Shikamoo. Barua yako nimeibandika ukutani mbele ya meza ya kazi. Naisoma kila siku nikitafuta kosa nililokutendea. Makosa nimeyapata mengi, ila sijajua ni lipi hasa. Kama ni kule kutokufika kukusaidia mizigo siku uliyohama, niliomba radhi na ninaomba tena. Niliingia njiani kununua kamba ya kufungia mizigo yako hiyo hiyo, nikakuta mtu anauza redio mbovu. Unanijua.

Kuhusu kocha. Niliposikia neno hilo nilijiona nimevaa kaptura, nazungushwa uwanjani kwa filimbi. Hata hivyo nimetii. Nilimpata mmoja kupitia bango, bwana mwenye sauti ya mnadani. Aliniahidi kuitoa ADHD mwilini mwangu ndani ya mwezi mmoja, nitupe dawa, nimsahau daktari. Nikamuuliza amesomea wapi kazi hiyo. Akasema maishani. Nikamwambia mimi pia nimesoma huko huko, na tazama nilivyofaulu. Hakucheka, na mimi sikurudi.

Sasa hali ya hapa. Juzi nilianza asubuhi kuchonga jino moja la mbele la mwalimu mmoja wa kike. Nililitia vile vistari vidogo ambavyo jino la mtu linakuwa navyo, na doa dogo la chai pembeni, ili lisijitenge na wenzake. Nilipoinua kichwa taa za barabarani zilikuwa zimewaka. Jino ni zuri, dada, ungeliona ungelipenda. Lakini kwenye rafu kulikuwa na vinywa vya plasta, zile sanamu za fizi ninazopimia meno, vya watu wengine vinanitazama, na vyote vilitakiwa kesho yake. Nilikaa chini nikajichukia kabisa.

Asubuhi bila simu yako ni ngumu. Naamka, najua kuna jambo, jambo lenyewe silijui. Nazunguka chumbani na kiatu kimoja mkononi.

Nisaidie mara hii ya mwisho. Nitafutie kocha wewe, maana unajua kuhoji watu mpaka wanajuta kuzaliwa. Na siku ya kuongea naye unipigie unikumbushe. Baada ya hapo sitakuomba tena.

Mdogo wako, Nakuja
(nimetia saini kwa jina mlilonipa nyumbani, maana sijawahi kufika mahali bila kulitamka kwanza)


26 Februari

Mdogo wangu,

Sikupigii. Nilishasema.

Ila nimekutafutia. Nisikilize vizuri, na barua hii nayo uibandike. Kocha si daktari, hapimi ugonjwa wala haandiki dawa. Si mtu wa kukutibu majonzi ya zamani pia, hao wapo wengine. Kocha anakaa nawe mnaangalia siku yako ilivyo, mnajaribu njia, isipofaa mnaitupa mnajaribu nyingine. Kazi hiyo haina mlinzi mlangoni, mtu yeyote anaweza kuamka akajiita kocha, kama yule wako wa mnadani. Kwa hiyo uliza amefundishwa na nani. Uliza kama ameshafanya kazi na watu wazima wenye ADHD hasa, au anafundisha kila kitu kuanzia ndoa mpaka kupunguza unene. Uliza mtawasiliana vipi katikati ya vikao, na ukikosa kikao itakuwaje. Akikuahidi kupona, aga uondoke. Na muongee kwanza kabla hujakubali chochote, usikie kama unaweza kumwambia ukweli bila aibu.

Wamebaki wawili. Mmoja ni mama mtu mzima, zamani alikuwa akifundisha watoto wanaochelewa kusoma. Majibu yake yalikuja kesho yake, yamepangika, hajajisifu hata mara moja. Mwingine ni bwana mmoja ambaye ana ADHD yeye mwenyewe. Huyo alinijibu kwa kuchelewa, akaomba radhi, kisha akatuma jibu lile lile mara ya pili. Nimeshampiga mstari. Vipofu wawili wa kuongozana sitaki.

Nilimwandikia yule mama kwa niaba yako, nikatia saini Fundi wa Meno Bandia, na anwani ya karakana. Namba ya simu niliweka yangu, kwa sababu yako haipokelewi. Atapiga Alhamisi ya wiki ijayo, mchana. Nitampa namba yako halafu ninajitoa. Kaa karibu na simu, iwe na chaji.

Mimi sijambo.

Dada yako


10 Machi

Ndugu Fundi,

Ahsante kwa maongezi yetu ya Alhamisi. Kila ninapomaliza maongezi ya kwanza huwa namwandikia mtu kile nilichosikia, ili aone kama nimemwelewa kabla hatujakubaliana kufanya kazi pamoja. Wengine nawatumia kwa simu, ila wewe uliacha anwani, nami bado napenda karatasi.

Nitasema wazi. Mimi si daktari, sina haki ya kupinga kilichoonekana hospitalini. Lakini ulikuwa umekaa na kalamu kabla sijapiga. Ulijibu kila swali kwa mpangilio, hata ulinirekebisha nilipokosea siku. Uliniambia habari za meno ya wazee wawili kama mtu anayesimulia kosa la mwanawe. Nilipokuuliza siku yako inaanzaje, ulisema inaanza kwa kumfikiria mtu mwingine kama ameamka.

Kisha nikakuuliza wewe unahitaji nini. Ukasema: "Mimi ni kichwa cha watu wawili. Wakati mwingine natamani niugue kidogo tu, nilazwe, ili nipumzike bila mtu kunilaumu." Baadaye ukacheka, ukaniambia nisiliandike hilo.

Nimeliandika kwa sababu limenikaa rohoni. Mtu anayesema hivyo simwoni kama mtu wa kufundishwa kupanga siku. Namwona mtu aliyechoka sana, ambaye amezipanga siku zote isipokuwa zake. Naweza kukosea. Niandikie au unipigie, tuone kama mimi ndiye mtu unayemhitaji, na kama siye, nikuelekeze kwa anayefaa.

Wako,
Mama Kocha


17 Machi

Mama Kocha,

Shikamoo. Uliongea na dada yangu. Mimi siku ile nilikuwa karakanani, simu iko ndani ya droo ya nta, imezimika. Alhamisi yenyewe niliikumbuka Ijumaa.

Usimwone mwongo. Naona ilivyokuwa kama vile nilikuwepo. Alipokea akitaka kukupa namba yangu, akajua sitapokea, akaona aibu kwa niaba yangu, akajibu swali la kwanza. Tangu shule yeye ndiye anayejibu nikiulizwa. Mwalimu akisema daftari liko wapi, dada anasimama dirishani na daftari. Nadhani lile la pili alilijibu kabla hajakumbuka kwamba yeye siye mimi.

Mwenye ADHD ni mimi. Barua yako nimeisoma yote nimesimama, na hilo halinitokei, kwa kawaida naishia mstari wa tatu. Naomba maongezi yangu mwenyewe. Namba iko chini. Nikikosa kupokea, tafadhali usimpigie yeye.

Fundi wa meno, yule wa kweli


17 Machi

Dada,

Mama Kocha amekuandikia, barua imekuja kwangu. Naiweka humu ndani uisome mwenyewe.

Nimeudhika na nimeumia, na nakwambia vyote viwili. Nimeudhika kwa sababu umekaa kwenye kiti changu ukaongea kwa mdomo wangu, halafu ukaniandikia kwamba umejitoa. Nimeumia kwa sababu ilibidi nisikie kwa mtu baki kwamba dada yangu anatamani kulazwa. Uliniambia umeacha kupiga kwa faida yangu. Mimi hapa nikahesabu makosa yangu ukutani kama mjinga, kumbe jibu lilikuwa jepesi. Umechoka. Ungesema. Mimi nasahau mambo, sisahau watu, ingawa najua kwako vinafanana.

Kuanzia sasa kocha namtafuta mwenyewe. Huyo mama nitaongea naye, na yule bwana uliyempiga mstari nitaongea naye pia. Usimwandikie mtu yeyote, usiniulize nimefikia wapi. Nitakosea, hilo lipo. Naomba unipe nafasi ya kukosea bila wewe kujua siku hiyo hiyo.

Nakuja


25 Machi

Mdogo wangu,

Nimesoma zote mbili.

Nilitaka kujitetea, nikaandika kurasa nzima, nikazichana. Simu ilipolia nilitaka kumwambia mama wa watu subiri nikupe namba ya fundi, lakini akanitangulia, akasema nieleze tatizo ni nini. Nikaeleza. Hujui ilivyokuwa mtu kuniuliza tatizo ni nini na kunyamaza akisubiri.

Ulivyosema kuhusu kiti chako ni kweli. Na mimi pia nina hasira, usidhani ni wewe peke yako. Nimekuamsha miaka yote hii na sijawahi kusikia ukiniuliza mimi huwa naamshwa na nini.

Sitauliza umefikia wapi. Aprili inakaribia, hilo unalijua.

Dada yako


6 Mei

Dada,

Shikamoo. Najua umekaa kimya kwa shida. Ningeandika mapema, ila nilitaka kwanza nijue cha kuandika.

Kikao cha kwanza na Mama Kocha nilikikosa. Hakunigombeza, alinipa siku nyingine. Tukaongea, ni mtu mwema na kazi yake anaijua, kila swali ulilonifundisha alilijibu bila kona. Tatizo ni kwamba anafanya kwa simu tu, na mimi simu ikiwa sikioni mikono yangu inatafuta kazi. Katikati ya maongezi nilijikuta nachonga gego. Nilimwambia ukweli, akasema afadhali nimelijua mapema kuliko baadaye.

Nikaenda kwa yule wako wa mstari. Ofisi yake iko ghorofani, juu ya duka la baiskeli. Alifika amechelewa kidogo, soksi moja ya bluu na moja nyeusi, kwa hiyo namwita Bwana Soksi. Nilitaka kuondoka, nikasikia sauti yako ikisema nimekwambia. Nikabaki kwa ubishi. Amesomea, alinionyesha, na kila mwezi anakaa na kocha mkubwa wake anamkagua. Jambo la kwanza alilofanya ni kunirudisha kwa daktari, kwa sababu dawa nilikuwa nakunywa siku ninazokumbuka tu, akasema hilo si lake kuamua. Jambo la pili alikuja karakanani akasimama mlangoni, akaniuliza macho yangu yanatua wapi ninapoingia. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Yanatua kwenye kila kinywa cha plasta kilicho wazi, ndiyo maana nachoka kabla sijaanza. Sasa vyote vimefunikwa kitambaa, kinakaa mezani cha mtu mmoja, juu na chini pamoja, na hakiondoki mezani mpaka vyote viwili viingie kwenye boksi. Kisha akauliza nani jirani anayefanya kazi ya kukaa. Nikasema fundi viatu. Sasa asubuhi fundi viatu anahamishia kiti chake kwangu, anashona, mimi nafanya yangu, hatuongei. Ajabu ni kwamba inafanya kazi. Siku asipokuja, siku hiyo ni hasara tupu.

Sasa lile la Aprili. Sikuchanganya meno ya mtu. Ila wiki ya mwisho nilichelewesha seti moja, mgonjwa akasafiri bila meno kwenda kumuoza binti yake. Daktari wa meno alikuja mwenyewe. Alisema anaona ninavyojitahidi, kisha akachukua kazi zote za meno ya kinywa kizima akampa fundi mwingine. Ameniachia kazi za jino mojamoja, zile za kuchonga kwa uangalifu, anasema hajaona anayezifanya kama mimi. Karakana imebaki, imepungua. Chumba cha nyuma nimempangisha fundi viatu.

Hilo lilitokea kabla mwezi haujaisha na sikukwambia. Nililala nalo mwenyewe. Asubuhi niliamka, nikakuta bado lipo, nikaenda kazini. Nilikasirika, nikajihurumia, nikatamani sana sauti yako. Lakini nilienda.

Na wewe je? Siulizi kwa salamu. Barua zako zote nimezisoma tena hapa ukutani, na habari zako zinaishia kwenye "sijambo". Niambie hali yako.

Mdogo wako


15 Mei

Mdogo wangu,

Niliposoma habari ya daktari wa meno nilinyanyuka kuifuata simu. Nilikuwa nimeshapata la kumwambia yeye, na la kukwambia wewe, na jina la kliniki nyingine ya kuomba kazi. Nikaiweka chini. Huyo Bwana Soksi bado simpendi, lakini mimi sikuulizwa.

Umeuliza hali yangu. Nimekaa na karatasi hii tangu jana. Kila sentensi niliyoanza ilianza na "usisahau". Usisahau dawa, usisahau risiti ya chumba, usisahau kula. Nikafuta moja moja. Nilipomaliza kufuta karatasi ilikuwa nyeupe, nikaogopa. Nilidhani nina mengi ya kukwambia. Ukiondoa yako, sina.

Basi nimetafuta, na nimepata moja.

Wiki iliyopita, zamu ya mchana, niliingia chumba cha kukunjia kuhakiki mashuka ya wodi ya wazazi. Yalikuwa yametoka kwenye mashine sasa hivi, yana joto. Nilikaa juu ya rundo nipumzishe miguu. Niliposhtuka zamu ilikuwa imekwisha. Wasichana walikuwa wamenifunika, wamefunga mlango, na kazi yangu wameifanya wao, wameikosea mahali pawili. Hakuna aliyeniamsha. Nilipaona pote pawili nikapaacha, nikajifunika tena.

Hiyo ndiyo habari yangu. Sijui kuisimulia vizuri, sijazoea.

Dada yako